Siku Sita za Kulijaribu Gitaa

Kaka yangu alishuka kwenye basi la Mbeya siku ya Jumanne saa kumi jioni, amekumbatia boksi jeusi refu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mabegi yake mawili yalikuwa bado kwenye buti na hakuonekana kuyajali. Konda alinieleza, huku akicheka, kwamba tangu Tunduma walikuwa wanagombana. Yeye alitaka boksi liende chini na mizigo mingine, kaka akakataa katakata, akalipakata njia nzima mpaka Sumbawanga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Salamu baadaye, shika hili kwanza. Taratibu."

Nikalishika. Kwa umbo lake tu nikajua ni nini, palepale stendi. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unakata masikio, lakini mimi nilianza kutokwa na jasho kwapani.

Kaka ni fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Anaweza kukaa miaka miwili bila kuonekana, halafu anakuja wiki moja, anakula ugali wa ulezi kama aliyetoka kifungoni, anaondoka. Zawadi zake huwa ni viatu na simu. Gitaa hakuwahi kuleta. Yeye mwenyewe hajui kupiga hata mluzi.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Malangali, mume wangu alikuwa ameshachemsha chai. Mume wangu hupiga besi kwenye kikundi chetu cha harusi, na mimi hupiga gitaa la rizimu, pengine na solo mpigaji wetu wa solo akiwa shambani. Kaka akaweka boksi juu ya kochi, akafungua vifungo vyake kimoja kimoja, na sote watatu tukainama.

Lilikuwa na rangi ya ulezi ulioiva, kahawia inayoelekea wekundu, na mistari ya mbao ilionekana chini ya vanishi kama imechorwa kwa kalamu. Sumaku mbili za kunasa sauti, vitufe vinne vya kuzungusha, shingo nyembamba inayong'aa. Mume wangu aliweka kikombe chake chini sakafuni, mbali kabisa na kochi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya magitaa mimi huwa nayaona kwenye video tu."

"Ni bei gani?" nikauliza.

"Hilo halikuhusu," kaka akasema. "Sikiliza masharti. Mimi napanda basi Jumatatu asubuhi. Duka nililonunua wananiruhusu kulibadilisha, mradi lisiwe na mkwaruzo. Wana mengine mengi, mepesi kuliko hili, marefu, ya kila namna. Kwa hiyo una siku sita. Likikufaa, linabaki. Lisipokufaa, narudi nalo, nakuletea jingine. Ila sitaki uniambie asante. Nataka uniambie kama linakufaa."

Nilielewa kwa nini alikazia neno hilo, na lazima nieleze.

Kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, tunapukuchua mahindi nyumbani kijijini, kaka akiendesha trekta la kukodi lililokuwa linazungusha mashine. Magunzi yalikwama. Nikaingiza mkono kuyatoa. Kaka alinisikia nikisema kitu, akadhani nimesema "tayari," akawasha. Hospitali waliniokolea kidole, lakini kiungo cha katikati kilikufa. Tangu hapo kimenyooka kama penseli. Mume wangu aliponivisha pete ya ndoa aliivisha mkono wa kulia, padri akiwa amekwisha kuelezwa. Kaka hakuigusa tena mashine ya kupukuchua. Mwaka uleule aliondoka kwenda kusomea injini za meli, na hatukuwahi kulizungumza jambo hilo uso kwa uso.

Wakati huo nilikuwa tayari napiga gitaa la kwaya. Baada ya ajali nilijifunza upya kwa vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha mwisho. Miaka kumi na moja nilipiga hivyo. Watu wakawa wanasema nina staili yangu. Kweli ilikuwa staili, lakini niliitengeneza kwa kukosa.

Sasa kaka ameleta gitaa, na anataka nilipime kama gitaa. Je, ningeweza? Nikisema halinifai, ataona nimekataa zaidi ya gitaa. Nikisema linanifaa, atajuaje kwamba simwonei huruma? Niliwaza hayo kwa dakika tano hivi. Kisha nikalipakata, na mawazo yote yakayeyuka kwa hamu ya kulisikia.

Kabla ya kulipakata nilivua hereni, nikavua saa, nikafunga kanga kiunoni juu ya sketi yenye vifungo, lisije likakwaruzwa. Kaka akacheka kwa mara ya kwanza. Mume wangu akachomeka waya kwenye spika yetu ndogo.

Nikapiga. Likatoka baya.

Sitaki kulipamba jambo hili. Kila kodi niliyopiga ilikuwa juu kidogo ya pale inapotakiwa, kama mwimbaji anayepanda kabla ya wenzake. (Kodi ninayoisema ni ile ya gitaa, nyuzi kadhaa zikilia kwa pamoja, ya serikali tunaijua wote.) Nilityuni, nikapiga tena. Ileile. Nikatyuni mara ya tatu. Kaka alikuwa ananitazama usoni, na mimi nilikuwa najitahidi uso usiseme kitu.

"Zuri," nikasema.

"Usinidanganye."

"Halijatulia. Labda ni baridi."

Siku ya Jumatano nilienda kazini kwenye duka la pembejeo na sikusikia nusu ya mambo niliyoambiwa na wateja. Mmoja alitaka dawa ya kuhifadhi mahindi, nikampa mbegu za kabichi. Jioni nikarudi mbio, nikalishika tena, na kodi zikawa juu tena. Nilitaka kulia. Gitaa zuri kiasi hicho, na mimi naona kasoro! Nilianza kujiambia kwamba sikio langu limezoea gitaa bovu.

Mume wangu alikuwa anachambua maharage mezani. Hakuinua kichwa.

"Gitaa liko sawa," akasema. "Wewe unalikaba koo."

"Namkaba nani?"

"Unabana kama unabana lile la kwako. Lile nyuzi ziko juu, mbali na shingo, bila nguvu hazilii. Hili nyuzi ziko chini kabisa. Ukibana vile unazivuta zinapanda sauti. Gusa tu."

Nilimkasirikia kidogo, kama unavyomkasirikia mtu aliyeona kitu kilichokuwa puani mwako. Kisha nikagusa. Sikubana. Niliweka vidole juu ya nyuzi kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto, nikapitisha dole gumba juu yake.

Sauti iliyotoka ilinyooka. Ilikuwa safi, kila uzi ukisikika peke yake na bado zikiwa pamoja. Mume wangu akaacha maharage. Nikapiga kodi nyingine, na nyingine, nikahama kutoka juu ya shingo mpaka chini, na mkono haukuchoka. Nilikuwa nimezoea kupumzika baada ya nyimbo tatu, nikikung'uta kiganja kama mtu aliyeungua. Siku hiyo nilipiga mpaka maharage yakaiva, na kiganja kilikuwa kama hakijaanza.

Alhamisi ndiyo siku ambayo sitaisahau.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mchana kwa chakula. Maji ya ugali yako jikoni, kaka amekaa mlangoni anaota jua. Nikasema nipige wimbo mmoja tu wakati maji yanachemka. Kwenye kuhama kodi, kidole changu kilichonyooka, ambacho siku zote nakiinua juu kisiguse kitu, kilichoka kunyanyuliwa kikaanguka. Kililala juu ya nyuzi mbili nyembamba. Kwenye gitaa langu kingezizima, zingetoa "tup" kama kopo. Hapa zililia.

Nikaacha kupiga. Nikakitazama. Nikakilaza tena kwa makusudi, polepole, hakikukunjika wala hakikuhitaji kukunjika. Nyuzi zilikuwa chini kiasi kwamba uzito wa kidole ulitosha. Nikapitisha dole gumba. Sauti nne, vidole vinne.

Nilipiga kelele. Kaka aliruka akaingia ndani akidhani nimeungua.

"Nini?"

"Hakuna! Toka! Nenda kaangalie maji!"

Sikutaka aone. Hata sasa sijui vizuri kwa nini. Nadhani nilitaka kuwa na uhakika kwanza, kwa sababu kitu kama kile huwezi kumwambia mtu kisha ukakirudisha. Akaenda jikoni, maji yalikuwa yamekwisha kufurika na kuzima jiko, tukala mihogo iliyolala pamoja na samaki wa jana, migebuka. Nilikula nikiwa natabasamu kama mwendawazimu, na kaka akaniuliza mara mbili kama nina homa.

Lakini mimi ni muuza duka. Mtu akiniletea kitu cha ghali huwa nauliza kama cha rahisi kingefanya kazi hiyohiyo. Ijumaa niliomba ruhusa saa tisa, nikachukua gitaa langu la zamani mgongoni na lile jipya kwenye boksi lake, kaka akanisindikiza mpaka Chanji kwa fundi anayetengeneza redio, spika na magitaa yetu yote. Nilimwomba ashushe nyuzi za gitaa langu ziwe chini kama za lile jipya.

Fundi alilitazama jipya kwanza. Alinawa mikono. Alilishika, akafumba jicho moja, akaangalia shingo kwa urefu kama seremala anayeangalia ubao.

"Aliyetengeneza hili hakuwa na haraka," akasema.

Kisha akashusha za langu. Alikaza na kulegeza, akapima kwa kipande cha kadi, akanipa. Nikapiga, nyuzi zikavuma kama nyuki ndani ya kopo. Akapandisha kidogo, mvumo ukapungua, lakini zikawa ziko juu tena na kidole changu kikazizima. Tulihangaika karibu saa nzima. Mwishowe akanionyesha vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo: vilikuwa vimeliwa na miaka ya kubana kwangu, kila kimoja kina mabonde yake.

"Naweza kubadilisha vyuma," fundi akasema. "Lakini shingo yenyewe imepinda. Nitapunguza, sitamaliza." Akanigeukia. "Hili jipya unalipiga umekaa au umesimama?"

"Mpaka sasa nimekaa."

"Hebu simama."

Nikasimama, nikatia mkanda begani. Baada ya dakika kumi nilielewa swali lake. Lilikuwa zito, zito kweli, na mkanda wangu mwembamba ulizama begani kama kamba ya ndoo. Kaka aliona nikihamisha bega.

"Wana mengine mepesi," akasema harakaharaka. "Niambie tu."

"Bado sijasema kitu. Kesho kuna harusi."

Harusi ilikuwa mtaa wa Izia, baada ya misa, kwenye ukumbi wenye bati jipya. Nilienda nimevaa gauni lisilo na kifungo hata kimoja, na kanga nyingine nimeifunga kwa ndani kati yangu na gitaa. Wenzangu wa kikundi walilizunguka wasithubutu kuligusa. Mpiga dramu aliuliza kama linahitaji kuamkiwa shikamoo.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kuwaingiza maharusi, na nilijua mapema kwamba kuna tatizo. Sauti ya lile gitaa ilikuwa nene, tamu, ya kujaa. Nyumbani peke yangu niliipenda. Humo ukumbini, pamoja na kinanda na besi, ilikuwa inakaa juu ya wenzake kama blanketi. Rizimu yetu sisi inatakiwa iwe kavu na ya kung'aa, ikate, watu waisikie miguuni. Yangu ilikuwa haikati. Mume wangu aliniangalia akiwa anapiga besi, akatikisa kichwa kidogo. Wimbo wa pili, vilevile. Nilisikia furaha yangu ya Alhamisi inaanza kunitoka, na bega linauma juu yake.

Wimbo wa tatu ndio wa kucheza, wenye sebene ndefu. Tulipokaribia sebene nilijaribu kupunguza uzito wa sauti kwa kuzungusha kitufe cha chini. Mkono ulikuwa na jasho, ukateleza, na badala ya kuzungusha nikakivuta. Kikatoka juu. Nilidhani nimekivunja! Kwa nusu dakika niliona boksi jeusi, na duka, na kaka akieleza kwa watu wa duka.

Kisha nikasikia kinachotoka kwenye spika. Blanketi lilikuwa limeondoka. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, inakata kama shoka kwenye kuni za mkaratusi. Kitufe kilikuwa hakijavunjika. Ndivyo kilivyotengenezwa, ukikivuta kinazima nusu ya sumaku. Mpiga dramu alicheka kwa sauti na kuongeza mwendo. Mpigaji wetu wa solo aliingia, nami nikamjibu, naye akanijibu, na watu wakaanza kutoka kwenye viti. Akina mama wa upande wa bwana harusi walikuja mpaka mbele, wameinama, mabega yanacheza. Katikati ya yote hayo nilikilaza kidole changu. Sikupanga. Kililala chenyewe, kikalia, nikakiinua, nikakilaza tena, na rizimu yangu ikawa na sauti moja zaidi kuliko ilivyokuwa nayo kwa miaka kumi na moja. Nilikuwa nacheka peke yangu. Machozi pia yalikuwepo, lakini yalikuwa kidogo na mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta.

Nilipoinua macho nilimwona kaka, amekaa meza ya tatu. Hakuwa anamtazama bibi harusi wala wachezaji. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto. Akaweka soda yake mezani, akatoka nje.

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, nilimkuta nyuma ya nyumba anatengeneza bomba ambalo halikuwa bovu sana. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nikupe jibu?"

"Nipe."

"Zito. Hilo silipendi, na halitapungua. Mlio wake mnene hautufai kwenye harusi, lakini ule mwembamba unatufaa sana. Shingo yake sijawahi kuona. Nyuzi ziko pale ninapozitaka, na vyuma vyake havivumi. Nalitaka, kaka. Usilibadilishe."

Aliendelea kukaza bomba.

"Unasema hivyo kwa sababu yangu?"

"Ningekuwa nasema kwa sababu yako ningesema Jumanne."

Akageuza spana mkononi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Siku ile ulisema nini? Pale kwenye mashine. Mimi nilisikia 'tayari.'"

Sikutegemea swali hilo. Kwa miaka yote nilidhani anajua.

"Nilisema 'taratibu,'" nikamwambia. "Na nilikuwa nimeshaingiza mkono kabla ya kusema. Nilikosea na mimi."

Aliweka spana chini. Alikaa muda mrefu ameshika magoti. Baadaye akaniomba mkono wangu, akakiangalia kidole kwa karibu, kama fundi anavyoangalia kifaa, akakisukuma kidogo kuona kinafika wapi.

"Na kinalia," akasema.

"Kinalia."

"Basi nipigie, maana jana nilitoka kabla sebene haijaisha."

Nikampigia hapo hapo uani, bila spika, nimekaa juu ya ndoo. Gitaa la umeme bila umeme linasikika kama mbu, kwa hiyo ilibidi ainamishe sikio karibu kabisa na nyuzi. Mume wangu alitoka akatukuta hivyo, akarudi ndani kimya.

Jumatatu asubuhi kaka alipanda basi na mabegi yake mawili, bila boksi. Mimi niliwahi kwa fundi viatu kabla sijafungua duka, nikamwagiza mkanda wa ngozi wenye upana wa kiganja, wenye sponji ndani.

Jumanne jioni kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Mwalimu wetu wa kwaya ana daftari ambamo nyimbo zote ameziandika upya katika funguo tatu tu za muziki, zile ambazo mkono wangu uliziweza, na waimbaji wa sauti ya kwanza wamelalamika miaka mingi kwamba nyimbo nyingine zinawapandisha mpaka mishipa ya shingo inatoka. Nilimwendea kabla hatujaanza.

"Mwalimu, leo chagua ufunguo unaoutaka."

Akanitazama juu ya miwani. "Wowote?"

"Wowote."

Akafungua daftari kurasa za mwanzo kabisa, akachagua wimbo wa shukrani wa mavuno, akausogeza kwenye ufunguo ambao hata wapigaji wenye vidole vizima huukwepa. Sauti ya kwanza wakageuka wote. Nilikosea mstari wa kwanza. Tukarudia, nikakosea mstari wa tatu. Mara ya tatu mwalimu aliinua mikono, nikaingia, wakaingia, na tukaumaliza wimbo mzima bila kusimama, kisha mwalimu akasema tuurudie, safari hii kwa mwendo wa haraka zaidi.